Rafadha ya Sufuria Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa tambara na kopo la mafuta ya taa, akanionyesha ukuta uliotundikwa rafadha za kila namna. "Zifute zote," akasema. "Ukimaliza utakuwa umeshazijua sura." Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Ghubra, nyuma ya maduka, nami nilikuwa kijana wa majivuno niliyekuja na shati jeupe. Shati lile halikurudia weupe wake tena.

Rafadha, kwa msioshughulika na boti, ni yale mapanga yanayozunguka majini chini ya mashine na kuisukuma boti mbele. Kila rafadha imepigwa chapa ya namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili tulikuwa tukiiita pichi, nayo ni umbali ambao rafadha ingesogea kwa mzunguko mmoja, kama parafujo inavyoingia kwenye ubao. Pichi kubwa inatoa mbio, lakini mashine inaelemewa. Pichi ndogo inaipa mashine nguvu ya kunyanyua mzigo, ila mbio zinapungua. Wateja wetu wote walitaka mbio, hata wale waliokwenda kuvua nguru na kurudi na vichwa vinavyowauma kwa jua.

Kanuni ya Mkuu ilikuwa moja. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, mashine ifikie mizunguko anayoitaka aliyeitengeneza. Isipoifikia, inakabwa. Ikiipita, inapiga kelele bure na kujiua yenyewe.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye mzigo wa kawaida. Sisi hatuhesabu watu wetu. Mwulize baba wa nyumba anapakia wangapi, ataangalia pembeni na kukwambia, "Wawili watatu, mashallah," maana anaogopa hasadi. Ijumaa ukienda pwani utaiona boti hiyo hiyo imejaa mashangazi, watoto wachanga, makaa na masanduku ya barafu. Miye nilikuwa nikikasirika. Mkuu akanivuta kando.

"Usimwulize wako wangapi, utamtia mashaka. Mwulize wanapika sufuria gani."

Tangu siku ile sijauliza swali jingine.

Baadaye nilipelekwa Rusayl, nje ya mji, kwenye ghala la vipuri, chini ya Meneja wa Ghala aliyechukia maneno mengi kuliko kutu. "Masanduku hayasemi," alikuwa akituambia, "na nyinyi msiseme." Huko nilijifunza madini. Rafadha ya alumini ikigonga jiwe inapinda, lakini mara nyingi inaokoa gia. Ya chuma cha pua haipindi upesi, na jiwe likiishinda, balaa linapanda juu kwenye mashine. Mkuu alipostaafu nilirudishwa Ghubra kushika nafasi yake, na furaha yangu sikuweza kuificha.

Hapo ndipo alipokuja Khalfan, mtu wa mtaa wa Qurum, mfanyakazi wa serikali. Alikuwa amenunua boti ya faiba kwa ajili ya mama yake, Bi Zuwena. Bibi huyu alipenda ufukwe mmoja mdogo uliozungukwa na majabali, na magoti yake hayakuweza tena njia ya mawe. Ilibaki njia ya bahari tu. Lakini kila wakitoka, omo ya mbele ilisimama juu, tezi ya nyuma ikazama, boti ikakataa kupanda juu ya maji, na mawimbi yote yakamwangukia yeye.

"Amesema tukimrowesha tena, yeye basi, habanduki nyumbani," Khalfan akaniambia. "Na mama akisema basi, ni basi. Nami nimeijaribu na rafiki yangu, ikaruka kama haina kitu!"

"Mnapika sufuria gani mkienda?"

Akacheka kwa haya. "Ile ya harusi."

"Lahaula! Na umefunga pichi ishirini na moja?"

Nikaitoa, nikaitundika ukutani. Nikamfungia kumi na saba ya mapanga manne, ambayo hukamata maji vizuri zaidi boti ikiwa nzito. Nikamwambia sitaki majaribio ya watu wawili. Waje wote, na sufuria yao.

Ijumaa walikuja. Bi Zuwena akaushika mkono wangu akipanda.

"Wewe ndo fundi?"

"Ndo miye, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba. Nikirowa leo, nna neno na wewe."

Khalfan akafungua mafuta. Omo ikainuka, na moyo wangu ukasimama pamoja nayo. Kisha ikalala taratibu, boti ikapanda juu ya maji na kukimbia. Bi Zuwena akapapasa pindo la kanga yake. "Kavu," akasema, kisha akamgeukia mwanawe: "Mbona unakwenda kama wa kupeleka mayai?" Nilijifanya naangalia mashine, maana machozi yalinilenga.

Walikwenda ufukweni kwao miaka mingi. Mwaka wangu wa mwisho kazini Khalfan alirudi peke yake. Mashine inapiga kelele, akasema, mizunguko inapita kiasi. Nikamwuliza swali langu la siku zote. 

"Siku hizi tunapika kisufuria kidogo."

Bi Zuwena tulikuwa tumeshamzika. Watoto wa Khalfan walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wako masomoni mbali. Niliiteremsha ile ishirini na moja ukutani, nikaifuta vumbi. Kwa kanuni ya Mkuu, ndiyo iliyostahili sasa. Nikashika spana. Khalfan akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Iache, fundi. Idi watakuja."

Niliiweka spana chini. "Basi mpaka hapo," nikamwambia, "usifungue mafuta mpaka mwisho."

Sasa nimestaafu, na vijana wa karakana hunipigia simu kuniuliza habari za pichi. Nawajibu kwa raha, wala siwafichi kitu. Idi iliyopita simu iliyolia ilikuwa ya Khalfan, kutoka baharini. Sikusikia salamu zake kwa kelele za watoto, ila mashine niliisikia sawasawa. Haikukabwa wala haikupiga kelele. Ilikuwa na mzigo wake.

"Uko na nani?" nikapaza sauti.

"Wawili watatu tu, fundi," akasema. "Mashallah."