Marehemu Shani Yu Hai Mlaleo

Bi Suad, jirani yangu hapa Mlaleo, hushona kofia. Baada ya alasiri hukaa barazani kwake, kitambaa magotini, na ukimwambia jambo asilolipenda hajibu, huuvuta uzi tu. Watu humjua kwa hilo, na kwa kuwa mamake Ustadh Habib anayesomesha madrasa kule Utange. Kwamba zamani alikuwa Shani hawajui, ila sisi wachache tuliosalia.

Shani lilikuwa jina lake la ukumbini. Alipokuwa msichana, chama cha akina mama wa Kisauni kilikuwa na mchezo wa nyimbo ulioitwa Posa ya Saba. Binti anaposwa mara saba, anakataa zote, na mwisho anafunga mlango akaimba peke yake. Ulichezwa kwa wanawake watupu. Wanaume hawakukaribia hata dirisha, na yaliyoimbwa mle yalibaki mle. Mamangu alikuwa mpiga tari, ndiyo maana nilipata kuketi mbele, nikamwona Suad akiuimba ule wimbo wa mwisho mpaka wanawake wazima wakafuta machozi kwa buibui. Kisha marehemu Nassor, babake Habib, akamposa, akamwomba aache kuimba, naye akaacha. Posa ya kwanza tu, akakubali. Mwenyewe hulisema hilo akicheka.

Habib hakuambiwa. Si kwamba palikuwa na aibu. Ya ukumbini ni ya ukumbini. Lakini uzee una mambo yake, na tangu mwaka jana Bi Suad amekuwa akiniambia kwamba anataka mwanawe ajue kabla yeye hajafa. Ajue kwa kinywa cha mamake, si kwa watu.

"Nitamwambia, Mishi," husema. "Ijumaa moja nitamwambia."

Basi vijana wakaufufua mchezo. Wakaucheza jukwaani, wakaupiga filamu, wakautia mtandaoni, na wanaume kwa wanawake wakautazama. Aliyeimba ni binti aitwaye Fairuz. Mwisho wakaubadilisha: posa ya saba inakubaliwa, watu wanacheza. Halafu majina yakiwa yanapita, unasikika wimbo wa zamani kutoka kwenye kanda ambayo mtu aliirekodi kwa siri, nadhani chini ya buibui. Ilikuwa sauti ya Suad.

Hapo ndipo vita vilipoanza huko mtandaoni. Wapo waliosema kinanda cha kisasa kimeuua mchezo, na wapo waliosema tari zilikuwa zikichosha. Mmoja akaapa kwamba Fairuz amemshinda Shani mbali sana; mwingine akamwambia akapimwe masikio. Walionichoma mimi ni wale wanaume wenye ndevu za mvi, waliokuwa wakieleza jinsi mchezo wa asili ulivyomalizika kana kwamba walikuwapo. Walikuwapo wapi, nao hata mlangoni hawakufika? Binti mmoja wa bara, Valarie, aliuliza kwa adabu ni nani anayeimba pale mwishoni. Wakamjibu wengi kwa mpigo, kila mmoja na uongo wake.

Kisha mtu akaandika "Marehemu Bi Shani". Basi. Na kwetu mtu akishaitwa marehemu, hakuna anayeuliza alikufa lini wala alizikwa wapi. Ni kuinua mikono tu. Dua zikamiminika. Waliokuwa wakitukanana asubuhi wakapatana juu ya hilo peke yake, kwamba Shani Mungu amlaze pema.

Nilimsomea Bi Suad hayo barazani, huku nimewaka kwa hasira. "Niache niwaandikie," nikamwambia. "Niwaambie yu hai, ashona kofia."

"Usiniandike," akasema. "Wakijua ni hai watataka kujua ni nani. Habib atalisikia njiani."

"Basi mwambie wewe kwanza."

"Ijumaa hii yuwaja kula. Nitamwambia, inshallah."

Ijumaa akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Aliniita eti nimkunie nazi, lakini nilijua anataka mtu karibu wa kumtia moyo. Habib akaja baada ya sala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanawa, akaketi mkekani. Mimi nilikuwa jikoni, pazia limefunguka nusu. Kabla hajamega tonge, Habib akasema, "Mama, kuna jambo lanisumbua. Kuna mchezo huko mtandaoni, na mwisho wake wametia sauti ya mwanamke aliyekwisha kufa. Wazazi wa wanafunzi wameniuliza hukumu yake."

Bi Suad akaweka upawa chini. "Na wewe umeisikia?"

"Nimeisikia. Mara mbili, Mungu anisamehe." Akainama. "Ni sauti njema, mama. Yanijia kama naijua."

Nikaiona midomo ya Bi Suad ikifunguka. Wallahi nilidhani ndiyo hiyo, leo anamwambia. Nikashika ukingo wa meza nikingoja.

"Lakini maiti ana haki yake," Habib akaendelea. "Hawezi kujitetea, na wanaume wote wale wamsikiza. Nimewapigia simu vijana wale, wamekubali kuitoa. Allah amrehemu."

Aliyasema kwa upole, mikono ameinua, akamngoja mamake aitikie. Nilitaka kutoka jikoni niseme, lakini niseme nini? Kama mwenye sauti ni maiti, inatolewa kwa heshima yake. Kama ni mamake, itatolewa upesi zaidi, tena kwa aibu. Bi Suad alikwisha kuliona hilo kabla yangu.

"Amin," akasema, akapangusa uso kwa viganja.

"Ulimjua, mama?"

"Kidogo," akasema. "Kula, mwanangu, chakula chapoa."

Sauti ikatolewa kweli. Watu wakaanza kubishana upya, hawa wakisema filamu sasa yakatika ghafla, hawa wakisema afadhali, kile kikongwe kilikuwa kikikwaruza. Hayo sikumsomea. Jana akaniuliza mwenyewe, akiwa anaimalizia kofia ya Habib.

"Wasemaje leo?"

"Bado wakuombea," nikamwambia.

Akauvuta uzi.