Simu Niliyompelekea Tata

Siku niliyomnunulia baba yangu simu, pale Kashai, naikumbuka hadi blauzi niliyovaa, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana. Wewe umeniambia umeona simu iliyotumika, ya bei nzuri, na kesho unataka kuilipia umpelekee mama yako. Sikukatazi. Lakini kabla hujatoa hela yako kaa hapa unisikilize, chai yenyewe bado ya moto.

Wakati ule nilikuwa msichana, nimepanga chumba Kashai, nashona nguo kwenye baraza la duka moja Miembeni. Baba yangu, Tata kama tulivyomwita, alibaki Muleba kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Mama alikwishafariki, na kaka zangu walikuwa Mwanza na shughuli zao. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda kumwona, nimebeba sukari na sabuni, na akiugua ni mimi niliyempeleka hospitali. Safari yenyewe si ndefu, ila nikiwa na umri wako niliiona adhabu. Vumbi, kusubiri gari lijae, na nikirudi nakuta wateja wamehamia kwa fundi mwingine. Nikawaza, nikimpa Tata simu tutakuwa tunasikilizana, nami nitapumzika na hizi safari. Sikufichi. Watu walinisifu kwa kumpenda mzazi, kumbe nilikuwa najinunulia ruhusa ya kutokwenda nyumbani.

Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye kimeza cha kioo kilichojaa simu za mtumba. Akaniuliza simu ni ya nani na itatumika wapi. Mimi na ujanja wangu nikaona ananichunguza ili apandishe bei. Nikamjibu ni yangu, ya hapa hapa mjini. Akaweka laini yangu, nikapiga, ikaita, nikaridhika. Kumbe simu ile ilikuwa imefungwa, inakubali mtandao mmoja tu, na ndio huo niliokuwa natumia mimi. Kule kwetu bondeni mtandao huo haukushika hata kidogo. Nililijua hilo vizuri, maana kila nikienda simu yangu ililala kwenye mkoba mpaka narudi. Yule kijana wa watu angeniambia, kama ningemwambia ukweli.

Nikaifunga kwenye kitambaa nilichokishona pindo mwenyewe, nikampa kondakta wa gari la Muleba pamoja na maagizo: Tata anunue laini ya mtandao unaoshika huko, jirani amsaidie kuiweka, kisha anibipu ili nijue namba yake.

Hakubipu. Mwanzoni nikasema labda hajapata laini. Baadaye nikaanza kununa. Nimejinyima mpaka nikamnunulia simu, hata kunibipu tu kunamshinda? Mwisho wa mwezi ukafika, sikwenda. Uliofuata pia sikwenda. Ningeweza kumwomba kondakta yule yule akaulize, na sikumwomba. Nilikuwa binti aliyedekezwa, mwanangu, nikawa nasubiri mzee mzima aanze yeye kunitafuta.

Nilikuja kwenda Krismasi, kwa sababu Mhaya asiyekwenda kwao Krismasi watamsema mpaka achoke. Nilimkuta Tata ameketi mlangoni, amevaa lile koti lake la kanisani. Nikasimama mbele yake mchana kweupe, akainua uso na kuuliza, "Ni nani?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia ni mimi, Koku. Akanyoosha mkono kunisalimia, ukaenda upande mwingine kabisa, ikabidi niufuate niushike. Alifurahi kama mtoto, bila lawama hata moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa simu, bado imo kwenye kitambaa changu.

"Inadai namba za siri," akaniambia. "Jirani alisema atakuwa nazo aliyeinunua. Nikamwambia aiache, mwanangu huja kila mwisho wa mwezi, atanitajia."

"Na macho, Tata? Kwa nini hukumtuma mtu aje aniambie?"

"Niliona nisikusumbue na kazi zako. Nikasema nitakueleza ukija."

Nililia pale mlangoni bila kujali majirani. Tulipokwenda hospitali daktari alisema ni presha ya macho, imekuwa ikimla kimyakimya kwa muda mrefu, na kwamba kama angeletwa miezi ile ya nyuma dawa ya matone ingemwachia uwezo wa kuona. Sasa alikuwa amebakiwa na mwanga tu, wa kujua kumekucha na kumekuchwa. Na ile simu? Fundi mmoja wa mjini aliichakachua, ndivyo walivyosema siku hizo, nami sijamaliza hata soda. Ikakubali laini zote. Nilitamani sana kuilaumu. Lakini Tata hakupofuka kwa sababu ya simu. Mimi ndiye sikwenda.

Nilimfundisha kuitumia kwa vidole. Kitufe cha tano kina kinundu kidogo, ukikipata hicho vingine unavihesabu kutoka hapo. Akawa ananipigia karibu kila jioni, mzee wa watu, ananiuliza nimekula nini. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilimpelekea, akampapasa uso taratibu, akasema pua ni ya marehemu mama. Kisha akaniuliza mtoto ni mweupe au mweusi. Nilitamani angenigombeza, siku moja tu, nami nipumue. Hakunigombeza mpaka tunamzika.

Kwa hiyo kesho ukifika dukani, mwambie muuzaji ukweli: simu ni ya mama, inakwenda kijijini. Usijaribu kwa laini yako. Nunua laini ya mtandao unaoshika kule, iingizwe humo, upige na upigiwe, ndipo ulipe. Halafu usimpe kondakta. Ipeleke mwenyewe. Mkabidhi mkononi, na ukiwa pale mtazame anavyotembea, anavyokula, anavyokutazama. Na hata simu ikifanya kazi vizuri, mwezi ukiisha panda gari uende, kwa kuwa kuna mambo mzazi hakwambii kwenye simu. Anakuwekea mpaka ufike. Ukikasirika naye, nenda na hasira yako hivyo hivyo, ukaimalizie huko.

Nenda sasa, chai imeshapoa. Mungu akubariki kwa wazo lako jema, akulindie hela yako na safari yako. Na kila utakapofika kwenu, mama yako akuone ungali njiani, akuite jina kabla hujabisha hodi.