Skrubu ya Bunduki ya Gulmast

Hapa Darra, mji wetu wa milimani, kila mtu anajua kutengeneza bunduki, na kila mtu anajua kuiharibu. Ndiyo maana Khialmat hakukosa kazi. Wenzake walitoa bunduki nzima kwenye chuma chakavu, kisha wakasimama barabarani kujisifu. Yeye aliletewa walichokivuruga wengine: risasi iliyokwama, springi iliyokatika, na zaidi ya yote skrubu zilizovunjikia ndani. Mtu anabana kwa hasira, kichwa cha skrubu kinakatika, na mwili wake unabaki umezama kwenye chuma, mdogo kuliko punje ya mchele, hauna pa kushikwa. Hapo hata fundi mwenye makelele hushusha sauti na kuuliza kama Khialmat amefungua duka.

Mimi ni seremala wa vitako vya bunduki. Duka langu limeegemeana na lake, na nimemvumilia miaka mingi. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Akija kwangu kunywa chai, kwanza atanyoosha picha ya Makka ukutani, halafu mkeka, halafu birika. Siku moja nilimwambia, "Khialmat, hata mke wangu hanisumbui hivi."

"Mkeo alishakata tamaa na wewe," akanijibu. "Mimi bado."

Kisha mwanawe wa pekee, Wisal, akaua mtu. Aligombana na Zarif, mtoto wa Mzee Gulmast, kwa ajili ya kwale wa kupigana, eti nani amemvuta ndege wa mwenzake mkia. Upuuzi mtupu. Lakini kwetu kila kiuno kina bastola, na Zarif akazikwa siku ile ile. Jirga, baraza letu la wazee, ikakaa. Wazee wakaweka jiwe kati ya nyumba mbili, na maadamu jiwe limelala, hakuna wa kumgusa mwenzake. Kila upande ukatoa bunduki yake iwe dhamana, zikahifadhiwa na Haji Rokhan, mkubwa wa jirga.

Sharti la dhamana watoto wetu wanalijua kabla hawajajua kusali. Bunduki hiyo haipigwi, haitengenezwi, wala haiingii mkononi mwa upande wa pili. Kila jirga inapokutana kuongeza muda, bunduki zote mbili zinalazwa kwenye kitanda cha kamba mbele ya watu, na kila mwenye yake anaikagua. Akiikuta kama alivyoitoa, jiwe linabaki. Akiikuta vingine, ana haki ya kuliinua. Kwa hiyo Wisal alikuwa akitembea sokoni, akinunua mkate na kucheka na wenzake, kwa nguvu ya jiwe hilo tu.

Siku moja kabla ya jirga, asubuhi, Haji Rokhan aliingia dukani kwangu na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Sipendi watu wanaoingia na vitu vimefungwa kwenye blanketi. Akaniomba nimwite Khialmat, nami nikamwita.

Khialmat alifunua pembe moja tu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mbao zangu.

"Haji, hii ni ya Gulmast."

"Najua ni ya nani."

"Basi ifunge. Mimi sijaiona."

"Keti, mwanangu. Miguu inaniuma kukutazama."

Khialmat hakuketi. Haji akatia ugoro chini ya mdomo, akaanza kueleza akiangalia sakafu. Juzi ilikuwa harusi ya mpwa wake. Vijana walikuwa wakishindana kulenga kijiwe kilichowekwa mlimani, kama ilivyo desturi ya harusi, na mmoja wao akaomba wajaribu bunduki ya kale ya Gulmast, mara moja tu. Furaha ilikuwa nyingi na Haji akakubali. Walipomaliza, kile kilengeo cha mbele, kijibao kidogo kinachokaa juu ya mdomo wa mtutu, kilikuwa kinacheza. Haji akaibana mwenyewe skrubu yake.

"Kwa nini?" Khialmat aliuliza.

"Kwa nini nini?"

"Uliibana kwa nini? Bisibisi?"

"Kwa kisu."

"Kwa kisu," Khialmat alirudia, na nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

"Nitukane baadaye. Kichwa kimekatika, kilengeo kiko mfukoni mwangu, na kesho Gulmast anaikagua."

"Mpelekee Tormat, naye ni fundi."

"Tormat? Kabla ya adhuhuri Gulmast atakuwa ameshasikia. Katika soko hili mtu mwenye sababu ya kunyamaza kuliko mimi ni wewe peke yako."

Nikashindwa kujizuia. "Haji, kosa ni lako. Nenda kwa Gulmast umwambie ukweli."

"Nikimwambia, jiwe linainuka," akasema. "Mimi nitaaibika, Gulab. Atakayezikwa ni nani?"

Nilimchukia mzee yule, mvi zake na hija yake. Khialmat akaniambia nifunge mlango.

Akaubana mtutu kwenye jiliwa yangu, akiwa ameuviringishia ngozi ya kondoo usipate alama. Akadondosha mafuta ya taa pale penye tundu, tukanywa chai, akadondosha tena. Haji alipouliza kwa nini asitoboe tu amalize, Khialmat alimwonyesha kwa ukucha jinsi chuma kilivyo chembamba mahali pale. Keekee ikizidi hata kidogo inatokea ndani ya njia ya risasi, na mtutu umekufa.

Alichokoa katikati ya skrubu kwa sindano ngumu mpaka pakawa na kishimo. Kisha akaingiza keekee nyembamba, akiizungusha kwa vidole, anatoa pumzi, anazungusha, anaacha. Jasho lilimtoka na baridi ilikuwepo. Alipopata tundu la kutosha, akachukua sindano nyingine aliyoichonga pembe nne kwa tupa, akaigonga taratibu ikashika, akaizungusha kushoto. Haikwenda. Akapasha mtutu moto kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yanayochemka, akajaribu tena. Nikasikia mlio mdogo nikadhani sindano imekatikia ndani, nikafumba macho.

Nilipofumbua, kile kipande cha skrubu kilikuwa kwenye kiganja chake. Haji alianza kulia, na mimi nilifurahi kuliko nilivyostahili. Nakiri pia kwamba sijaona kazi safi kama ile.

Akachonga skrubu mpya, akaipa weusi wa zamani kwa mafuta na moto, akakirudisha kilengeo. Nilikuwa nimemshikia taa, na hapo nikaona alama ya kutu juu ya chuma, mahali kilengeo kilipokuwa kimelala.

"Si kilikuwa kimeegemea kushoto kidogo?" nikamuuliza.

"Kilipinda kilipolegea. Harusini."

"Kutu hiyo si ya juzi, Khialmat."

"Hakuna mtu anayeishi na kilengeo kilichopinda."

"Kirudishe kilivyokuwa, nakuomba."

Alijaribu, naapa alijaribu. Alikisukuma kushoto, akakitazama, uso ukamkunjamana, vidole vikakirudisha katikati. "Ni unywele tu," akasema. "Nani atakagua unywele?" Akakaza skrubu. Haji aliifunga bunduki kwenye blanketi, akaondoka nayo.

Kesho yake jirga ilikutana kwenye uwanja wa nyumba ya wageni ya Haji. Bunduki mbili zililazwa kitandani. Khialmat aliiangalia yake upesi, akasema ni sawa. Mzee Gulmast hakuwa na haraka. Alikuwa amekonda sana tangu msiba. Alipapasa kitako, akafungua, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea jua, akagusa skrubu bila kusita. Nikaanza kupumua. Kisha akaiweka begani akalenga mlima, basi tu, kama mtu yeyote anavyofanya akishika bunduki yake.

Akakaa hivyo muda mrefu. Aliposhusha, alimgeukia Haji.

"Nani ameigusa hii?"

"Ilikuwa sandukuni."

"Bunduki hii inapiga kulia. Baba yangu aliinunua hivyo, hakuwahi kuinyoosha. Kila mtu wa nyumba yangu anajua alenge kushoto kidogo." Alisema polepole, bila hasira. "Zarif nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mdogo, alilia kwa sababu alikosa kila kitu, nikamwambia, lenga kushoto, mwanangu. Akaweza. Hakuna mwingine nje ya nyumba yangu aliyeweza kuipiga. Sasa mjinga yeyote anaweza kuipiga."

Bunduki ikapita mkono kwa mkono. Wazee walitazama kilengeo kilivyosimama wima, sawasawa, bila kosa, na mmoja baada ya mwingine wakamtazama Khialmat. Haji Rokhan alikuwa akiangalia makubazi yake.

"Ni mimi," Khialmat akasema.

Gulmast aliinama akaliokota jiwe. Ni jiwe la kawaida, linaenea kiganjani. Alilitupa nje ya uwanja, akachukua bunduki yake akaenda zake, na hakuna aliyemwita arudi.

Nilimsindikiza Khialmat hadi kwake. Njia nzima alitembea katikati ya barabara na mimi nilipita kando ya ukuta, kwa kuwa ni mwoga. Wisal alikuwa amesimama langoni, amevaa nguo safi, amechana nywele. Usiku uliopita baba yake alikuwa amemwambia kwamba skrubu ya bunduki ya Gulmast imevunjikia ndani, bila kumwambia ilikwishaje, na kijana hakulala.

"Ilitoka, baba?" akauliza.

"Ilitoka," Khialmat akasema. "Ilitoka vizuri. Ingia ndani."

Akamsukuma kwa kifua, akafunga lango, nami nikasikia komeo likiingia.