Ng'ombe Wanaolala Zizini Mwake

Kazi yangu, ukiivua suti, ni kuwatafutia wakubwa maneno ya kujifichia. Kadi yangu inasema mwanasheria wa sera na mshauri wa mikakati ya siasa, na pale Bariadi mjini wanaoisoma huniita msomi. Nimeandika hotuba, ilani, rasimu za sheria ndogo, hata salamu za rambirambi kwa wafiwa ambao mteja wangu hakuwajua. Sijivunii tena. Ipo sentensi moja ambayo ningekuwa na uwezo ningeitafuna nikaimeza, lakini ilishagongwa muhuri.

Mteja wangu wa wakati ule nitamwita Mheshimiwa, maana ndivyo alivyotaka kuitwa hata na mke wake. Alikuwa anagombea, na ng'ombe wake walikuwa wanamharibia. Walikuwa wengi kupita zizi lolote, kwa hiyo, kama walivyofanya matajiri wa kwetu tangu zamani, aliwagawa kwa watu wengine wamlishie, sita hapa, kumi kule, kuanzia Ngulyati mpaka Lalago. Anayelisha hunywa maziwa, hutumia samadi shambani, na akitunza vizuri huenda siku moja akapewa mtamba wa shukrani. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi, na kijiji kizima kinajua yupi ni wa nani. Kiangazi kilipokuja, ng'ombe hao walivuruga kingo za malambo, maji ya kunywa yakawa tope, na jina lililotajwa kwenye manung'uniko likawa la Mheshimiwa.

Nikampa mkakati. "Tangulia wewe. Sheria ya kulinda malambo uilete wewe, kabla hawajakuletea." Mifugo itakayokutwa ndani ya uzio wa lambo ikamatwe, na mmiliki alipe faini kwa kila kichwa. Kisha, kwenye kifungu cha tafsiri, kile ambacho madiwani hukiruka kama watu wanaoruka dimbwi, nikaandika kwamba mmiliki ni mtu yeyote ambaye mifugo inalala zizini mwake. Mheshimiwa alisoma mara mbili, akacheka mpaka akafuta macho. Rafiki zake kwenye baraza wakaipitisha. Wakulima wakampigia makofi mtetezi wa maji, na katika orodha ya wakosaji jina lake halikuonekana hata mara moja.

Mwanasheria wa Dar es Salaam angeweza kuandika hivyo kwa kutojua, ukamsamehe. Mimi nililelewa na shangazi, dada wa baba yangu, mjane, nje kidogo ya Ngulyati, na zizini kwake kulikuwa na ng'ombe sita wa Mheshimiwa na wawili wake mwenyewe. Maziwa yao ndiyo niliyoyanywa kila nilipokwenda kumsalimia. Nilijua. Nilipoandika "mtu yeyote", niliona wafugaji, kundi la watu wa kwenye ripoti. Shangazi sikumwona.

Kiangazi kilichofuata, ng'ombe wake walivunja uzio wa miiba wakaingia lamboni. Mgambo wakawakamata wote wanane. Akanipigia simu, nikaenda asubuhi ileile.

"Mwangaluka, shangazi," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Maziwa leo hakuna."

Alikuwa amekaa mbele ya zizi tupu, karatasi ya faini mapajani ameishika kwa mikono miwili. Nikatoka nje ya boma, nikampigia Mheshimiwa. Nikamwambia ng'ombe wake sita wameshikwa kwa shangazi yangu, basi alipie walio wake.

"Ng'ombe gani?" akasema. "Kule sina ng'ombe. Si wewe uliyeniandikia?" Akacheka kile kicheko chake, akanitakia kazi njema.

Nikarudi kwa shangazi na akili yangu ya kisheria, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Nikamwambia: kama sheria inasema wote wanane ni wako, basi kubali ni wako. Uza wawili wa Mheshimiwa, ulipe faini, wako wabaki. Akija kudai, nitakutetea mwenyewe, na hana kesi.

Akanigeukia.

"Nile ng'ombe niliokabidhiwa?" akasema. "Halafu nikifa mnizike wapi?"

Akaikunja ile karatasi mara nne.

"Wewe uko kwa wakubwa, baba. Nani kaandika hii?"

"Wataalamu," nikasema. "Wa huko Dodoma."

"Aha." Akaiingiza karatasi kwenye fundo la kanga yake. "Nilidhani ni mtu aliyelelewa."

Aliuza ng'ombe wake wawili mnadani, akawakomboa wa Mheshimiwa wote sita. Uchaguzi ukapita, tukashinda, na kwenye sherehe nilikaa meza ya mbele. Wiki mbili baadaye Mheshimiwa akapeleka lori kuwachukua ng'ombe wake kwa sababu, alisema, yule mama si makini, wanamponyoka. Dereva alikuwa ameagizwa achukue sita. Shangazi akampakilia saba, kwa kuwa mmoja alikuwa amezaa na Mheshimiwa hakuwa na habari. Mtamba wa shukrani hakupewa. Mimi nilipewa mkataba mpya, nikasaini. Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu kwangu mwenyewe, lakini nilisaini.

Mwaka huu nilikutana msibani na mtendaji wa kijiji chao. Alifurahi kuniona, akaniambia sheria yangu inafanya kazi vizuri.

"Siku nilipoisoma kwenye mkutano wa kijiji," akasema, "niliwaambia hii imeandikwa na mtoto wetu. Wengi hata hawakuelewa. Lakini shangazi yako alisimama, akapiga vigelegele peke yake, mpaka wengine wakamfuata."

Nikamuuliza mkutano huo ulikuwa lini. Akahesabu kwa vidole, akasema ulikuwa kabla ya kiangazi kile, ng'ombe walikuwa hawajakamatwa bado.

Bado naenda Ngulyati. Shangazi hunikaribisha kama zamani, huniita baba, huniandalia chai ya rangi na kuniuliza habari za kazi. Nasema ni nzuri. Kuhusu ile karatasi hajaniuliza tena.