Surua Tuliyoingia Nayo Msituni

Asubuhi ile nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule. Tulikaa katika mji mdogo mashariki mwa Kongo, ukingoni mwa msitu. Mume wangu alikuwa fundi nguo, tulikuwa na cherehani mbili barazani, yake na yangu. Binti yetu Zaituni, wa miaka minne, alilala mkekani karibu na miguu yangu, macho mekundu, makamasi yakimtoka. Surua ilishaingia mtaani kwetu, na kwa sababu ya vita barabara ilikuwa imefungwa, chanjo hazifiki. Nilijua anaumwa nini.

Saa nne tukasikia bunduki upande wa sokoni.

"Tangulia na mtoto," mume wangu alisema. "Nafunga mlango, nakuja."

Hakuja.

Nilitembea msituni siku mbili, Zaituni mgongoni, furushi la nguo kichwani. Siku ya tatu nikamkuta mwanamke Mmbuti akichimba viazi vya porini. Wambuti ndio wenyeji wa msitu ule. Alituangalia, akapokea mzigo wangu bila kuuliza kitu, akatuongoza kambini kwao. Walimwita Mama Atoki.

Mama mkwe wake, kikongwe mwenye macho makali, alitusimamisha kabla hatujafika kwenye vibanda.

"Mtoto iko na nini?"

"Malaria, bibi."

Akanieleza kwa nini anauliza. Nyanyake alimsimulia kwamba wazungu walipokuja mara ya kwanza kutafuta utomvu wa miti ya mpira, walikuja na wapagazi kutoka mbali, na ndui ikaja nao. Watu wa msitu hawakuwa wameuona ugonjwa ule. Kambi nzima zilikwisha, asibaki hata wa kuzika. Tangu hapo, mgeni mgonjwa hujengewa kibanda ng'ambo ya mto, akapelekewa chakula hadi apone.

"Hatufukuzi mtu," alisema. "Tunamuweka mbali kidogo tu."

Ng'ambo ya mto ndiko nilikosikia risasi asubuhi hiyo.

"Ni malaria tu, bibi," nikarudia.

Mama Atoki alitupa nafasi yake karibu na moto. Watoto wake watatu walikula na Zaituni kwenye jani moja.

Kesho yake vipele vikatoka.

Kikongwe aliviona. Hakunisema. Aliwaambia watu wavunje kambi, na kabla ya jua kuzama kila ukoo ulikuwa umeshika njia yake. Mama Atoki hakwenda. Alisema watoto wake wameshakula nasi, akiwafuata wenzake atawapelekea maradhi.

Zaituni alipona. Kisha homa ikampata Atoki, akafuata mdogo wake Bahati, akafuata yule mchanga. Nilichemsha maji, nikawafuta macho, nikawanywesha kwa jani. Sikuwa na kingine. Kwa muda wa wiki moja tulichimba makaburi matatu.

Baada ya la tatu, Mama Atoki aliniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

Aliuzima moto. Halafu akamwinua Zaituni, akamweka mgongoni, akatutembeza siku mbili hadi barabara kubwa. Hapo akamteremsha, akageuka akarudi.

Sasa nakaa Gahanga, pembeni mwa Kigali, na bado nashona. Zaituni anafanya kazi uwanja wa ndege, Kanombe. Watu wakiniuliza habari za vita, kwa miaka mingi nimewasimulia habari za mume wangu na mlango aliokwenda kuufunga. Wananipa pole, nami naipokea. Ile habari nyingine niliinyamazia, maana pole yake si yangu.

Mwezi uliopita Zaituni alimrudisha mtoto wake kutoka kliniki, amechomwa sindano ya surua, analia. Nikamwambia mwanangu yote, pamoja na uongo wangu. Alimnyonyesha mtoto hadi akalala, ndipo akasema:

"Mama, walikuwa wanaitwa nani?"

"Atoki. Na Bahati."

"Na yule mchanga?"

Yule nilimpakata siku mbili, hadi alipokata roho magotini pangu. Jina lake sikuliuliza.