Barua ya Tatu ya Bi Mashine

Kwenye baraza ya jengo la ofisi za elimu, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka, palikuwa na meza ya mbao, na juu ya meza taipureta. Nyuma ya taipureta hiyo alikaa mwanamke mnene wa miaka sitini na mbili, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ghorofa ya pili. Watu wote walimwita Bi Mashine. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua wenye shida na ofisi. Kushoto kwake alikaa fundi viatu, na wawili hao walikuwa wametaniana miaka kumi na tisa bila kuishiwa.

Mteja akifika, Bi Mashine hagusi kitufe hata kimoja kabla ya kumuuliza maswali mawili. La kwanza: unataka nini? La pili: huyo unayemwandikia ni mtu wa namna gani? Swali la kwanza watu walilijibu kwa hadithi ndefu inayoanzia kwa babu. La pili walilikodolea macho tu. Basi yeye ndiye aliyewajibia, maana wakubwa wote wa mji ule aliwajua tabia. Afisa wa maji alikuwa mtu wa hesabu. Kwake unapeleka tarehe, namba ya mita, na idadi ya siku ambazo bomba limekauka. Daktari mkuu alikuwa na moyo mwepesi. Kwake unamtaja mtoto mchanga, na unamtaja mapema, kabla hajachoka kusoma. Yule mama wa ofisi ya ardhi hakujali machozi wala hesabu. Alitaka kujua wewe ni nani, umeishi hapo tangu lini, na ni mtu gani wa maana anayekufahamu.

Mwisho wa kazi Bi Mashine aliishika karatasi mbele ya uso na kumsomea mteja barua yake yote, kwa sauti. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu siku ya kwanza, na hakuna barua iliyotoka mezani pale bila kusomwa.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa lugha katika shule iliyo safari ya siku mbili kutoka hapo, alizoea kumchokoza kila akija likizo.

"Mama, hapa umesema 'tumengoja, tumengoja, tumengoja'. Hiyo inaitwa takriri."

"Iite utakavyo. Mimi nikisema mara tatu, hawasahau."

"Na hapa, 'je, mzazi gani angenyamaza?' Hilo ni swali la balagha. Halitaki jibu."

"Linataka muhuri, mwanangu. Jibu watakaa nalo wenyewe."

Kumbe kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Mashine hakumwambia binti yake, wala fundi viatu, wala mtu yeyote. Macho yalikuwa yanamwacha. Daktari wa macho alishamwambia waziwazi kwamba la kulia limekwisha na la kushoto litafuata kabla ya mwaka kwisha, na kwamba hakuna dawa ya kulirudisha. Kupiga chapa hakukumpa shida, vidole vilijua njia. Ila ule usomaji wa mwisho sasa aliufanya kutoka kichwani, karatasi ameikamata mbele ya uso vilevile. Wateja walisema anasoma vizuri kuliko redio. Yeye alicheka, kisha akirudi nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akiogopa. Aliogopa jiko, aliogopa barabara, aliogopa siku mteja atakapogundua. Alitaka mtoto wake arudi.

Akaomba binti yake ahamishiwe shule ya karibu. Mzazi anaruhusiwa kuomba, mara moja kila mwaka, na ombi likikataliwa mara tatu faili linafungwa kwa miaka mitano. Barua ya kwanza aliijaza hoja tupu: miaka tisa ya utumishi wa binti, kifungu cha kanuni, upungufu wa walimu mjini. Ikarudi na maneno manne: hakuna sababu ya kifamilia. Hayo yalimuuma. Sababu alikuwa nayo, tena kubwa, lakini kuiandika kulikuwa sawa na kupanda juu ya meza na kutangaza kwamba mwandishi wa barua haoni. Nani angempelekea kazi? Kwa hiyo mwaka uliofuata alitafuta sababu nyingine, na hapo ndipo Bi Mashine, mjuzi wa kutia chumvi kwa kipimo, alipomwaga kopo zima. Aliandika kwamba yu mahututi. Aliandika kwamba hajaliona jua kwa miezi saba, kwamba godoro ndilo dunia yake, na kwamba mauti yanapiga hodi. Alijiandikia kwa jina lake kamili la kwenye vyeti, ambalo pale barazani hakuna aliyelijua. Hiyo nayo ikakataliwa, bila hata neno moja la sababu.

Sababu ilikuja kwa miguu mwaka wa tatu, Jumatano moja asubuhi. Afisa wa uhamisho, kijana mrefu aliyekuwa akimwamkia kila siku akipanda kazini, alisimama mbele ya meza na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Bi Mashine."

"Marahaba, baba."

"Habari za kitandani?"

Bi Mashine alikuwa anatafuna karanga. Akaacha.

"Barua hii ilinitoa machozi mwaka jana," afisa alisema. "Nikamwambia karani, huyu mama tumsaidie leo hii hii. Karani, ambaye ni jirani yako, akasoma jina, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mgonjwa mwenyewe yuko hapo chini, anagombana na fundi viatu."

"Kweli alikuwa anagombana," fundi viatu alidakia. "Soli zangu hazimridhishi kabisa."

Bi Mashine alijua kosa lake vizuri kuliko wote wawili. Mara ngapi amewaonya wateja kwamba msomaji akishakukamata na uongo mmoja, hata ukimwambia leo Jumatano atatafuta kalenda? Na swali lake la pili, unamwandikia nani, hakujiuliza. Alikuwa amemwandikia mtu anayempita mara mbili kwa siku.

"Kikao cha uhamisho ni Ijumaa saa nane mchana," afisa alisema kwa upole. "Hii ni mara ya tatu, mama. Niletee barua ya kweli, au usilete kabisa."

Ijumaa asubuhi Bi Mashine alianza na kazi ya watu, mtihani wa shule moja ya jirani uliotakiwa kupigwa kwenye stensili. Stensili ni karatasi ya nta. Herufi inatakiwa kuikata yenyewe, kwa hiyo kuna kijiti kidogo pembeni mwa taipureta unachokishusha ili utepe wa wino ukae kando. Alikishusha, mwalimu aliyeuleta akamsomea maswali, akaumaliza mtihani. Kisha akaweka karatasi safi.

Safari hii hakutafuta maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliandika kwamba haoni. Aliandika jina la daktari na tarehe ya cheti. Aliandika kwamba barua ya mwaka jana ilikuwa ya uongo, kwamba aliitunga yeye, kwamba binti yake hakuhusika, na kwamba aliona heri aitwe mgonjwa wa kufa kuliko kuitwa kipofu. Kila mstari ulimkata maini. Alipomaliza, kwa desturi, akaishika karatasi mbele ya uso akaisoma kwa sauti, na msikilizaji alikuwa fundi viatu, aliyekuwa amehamia upande wa pili wa meza na sindano yake.

Fundi aliacha kushona.

"Kwa hiyo, dada, ile soli ya juzi uliyosema mbaya, hukuiona?"

"Sikuiona. Lakini ilikuwa mbaya."

Fundi akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wenye gundi, akataka kumsindikiza juu. Bi Mashine akakataa. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili na alizijua kwa hesabu.

Afisa aliipokea karatasi. Bi Mashine aliisikia ikigeuzwa, kisha ikigeuzwa tena.

"Bi Mashine, hii nayo ni mbinu?"

"Hamna mbinu humo. Kila neno ni la kweli."

"Neno gani, mama? Karatasi ni nyeupe."

Alidhani anataniwa. Akanyoosha mkono, akapewa barua yake, akaipapasa. Vidole vilizikuta herufi zote mahali pake, vishimo vidogo vilivyojipanga mstari kwa mstari, bila tone la wino. Kijiti! Hakukipandisha baada ya mtihani. Alikuwa amemsomea fundi karatasi tupu, na fundi alikuwa anatazama mgongo wa karatasi tu. Miaka yote ile amewaficha watu, na sasa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kuonyesha. Akaanza kulia, si kilio cha kwenye barua, kilio kibaya cha kukwaruza koo.

Afisa alivuta kiti akamkalisha. Akaisogeza ile karatasi dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Kisha akachukua karatasi nyingine na kalamu.

"Haya, mama. Unataka nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye. Maneno ya kuwafaa wakubwa wote wa mji yalimpita kichwani, ya kuliza, ya kuhesabu, ya kujitukuza, na hakuna hata moja aliloliona linamhusu.

"Nimekuwa kipofu, baba. Nataka mwanangu arudi."

Afisa aliandika. Ile karatasi nyeupe akaibana nyuma kwa pini, na karatasi hizo mbili ndizo zilizoingia kikaoni saa nane na kutoka na muhuri wa kukubaliwa. Lakini kabla ya hapo aliishika barua mbele ya uso, akamsomea yote kwa sauti, mstari wa kwanza na mstari wa pili.

"Niongeze kitu?" aliuliza.

"Usiongeze," akasema Bi Mashine.