Hedifoni za Mwanangu Masikioni mwa Mama Yake

Hedifoni zile mwanangu wa mwisho alizinunua za kuchezea gemu, kabla hajakwenda Maskati kutafuta riziki. Kubwa, nyeusi, hazina waya, na pembeni zinawaka taa za rangi. Akizivaa hata adhana haisikii, nami sikuzipenda.

Mama yake alipoanza kupoteza usikivu, simu ilimshinda kwanza. Aliiweka sikioni, akaitazama, akanirudishia. Basi mwanangu akawa anatuma salamu kupitia kwangu. Lakini asubuhi ile alimwandikia dada yake kwamba anataka kuzungumza na mama, yeye mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkewe alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, tukajua ni habari gani. Nikaswali rakaa mbili za shukrani.

Binti yangu akaja nyumbani kwetu Dunda na kompyuta yake. Akazichaji hedifoni, akachomeka kile kidude kidogo kinachoziunganisha na kompyuta, akafungua mahali pa kurekebisha sauti.

"Mdogo wangu kajiwekea mlio mzito wa mabomu," akasema. "Mama hana vita na mtu."

Akashusha mlio mzito, akapandisha ule mwembamba unaobeba maneno. Alipotaka kuzima taa, asije mama akafanana na basi la harusi, mke wangu akamshika mkono.

"Ziache. Nitajuaje kama zinafanya kazi?"

Tukamvalisha chini ya mtandio, maana juu ya kitambaa sauti ilikuwa inakwama. Binti akaisogeza maiki karibu na mdomo wake, akapiga.

Mke wangu akatulia. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Binti yangu akanifinya bega. "Salama, alhamdulillahi. Baba yako mzima. Na nyumbani kwako je? Alhamdulillahi." Kila jibu lilikaa mahali pake. Machozi yalinitoka, nikamshukuru Mungu aliyemrudishia mja wake alichomnyima.

Akasikiliza, kisha akatabasamu. "Alhamdulillahi, mwanangu. Mungu akuzidishieni."

Akangoja, akaitikia amin, akazivua na kunipa nami nisalimie.

Nikasikia pumzi tu. Halafu mwanangu akauliza, "Baba, mama amenisikia?"

"Amekusikia vizuri."

"Nimemwambia mtoto amezaliwa, hakukaa. Tumemzika jana alasiri. Mama ananiambia Mungu atuzidishie."

Nilikaa chini. Sisi watu wa pwani salamu zetu zina njia moja, tangu shikamoo hadi hali ya wa nyumbani, na mke wangu ameipita njia hiyo maisha yake yote. Hakuhitaji kusikia. Alikuwa akipata sauti, maneno hayapati, akajibu kwa mpangilio, na penye habari akajaza ile tuliyokuwa tukiingoja.

Yeye ananitazama, bado anatabasamu. Habari ya msiba kwetu hupewa mtu taratibu, ameshikwa mkono. Ningempaje taratibu mtu ambaye lazima nimpigie kelele, mpaka jirani asikie kabla yake?

Nikamwambia mwanangu, "Usimweleze kitu. Mwambie yale maneno ya msiba tu. Polepole. Hayo anayajua."

Nikamvalisha tena, nikamshika mkono. Midomo yake ikaanza kufuata: inna lillahi. Ikasimama. Tabasamu likaondoka.

"Nani?" akauliza, akinitazama mimi.

Nikakunja mikono kifuani kama mwenye kupakata mtoto mchanga, kisha nikaiachia.

Akayamaliza maneno yale peke yake, kwa sauti ndogo: wa inna ilaihi rajiun. Halafu akaishika maiki kwa vidole viwili, akaivuta mpaka ikagusa mdomo.

"Mwanangu, mimi sikusikii," akasema. "Nisikie wewe."